Gunzi kwenye Vali

Twila Petska alipiga magoti kwenye sakafu yenye unyevu ya stoo ya ushirika wa wakulima, ubavu wa kushoto ukimvuta palepale pa mshono wa zamani, akamulika tochi chini ya vali. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati la kazi, akaivaa tena. Kwenye tundu la chini la vali, lile linalotakiwa kuwa wazi mwaka mzima, mtu alikuwa amepigilia gunzi la hindi.

Halikuangukia pale kwa bahati mbaya. Lilichongwa kwa kisu upande mmoja ili liingie vizuri, likagongwa nyundo mpaka likazama, kisha likazungushiwa gundi nyeusi ya kuzibia mabati. Kazi ya mtu mwenye bidii. Katika miaka kumi na minne ya kukagua mabomba ya mji wa Dubrava, Nebraska, Twila hakuwahi kuona ujinga uliofanywa kwa ufundi kiasi kile.

Vali ile ilikuwa na kazi moja tu: maji yakishaingia kwenye ushirika yasirudi mjini. Upande mmoja palikuwa na bomba wanalonywea watu elfu moja na mia mbili. Upande wa pili palikuwa na mpira mweusi wa maji, na mdomo wa mpira huo ulikuwa umezama ndani ya tangi la dawa ya magugu. Watu wa stoo walikuwa wamegundua kwamba ukijaza tangi kutoka juu dawa inatoa povu, na itakubidi usimame hapo uingoje. Ukiuzamisha mpira hakuna povu, na unaweza kwenda zako kunywa kahawa. Vali ya aina hiyo ikiharibika ndani hutema maji kwa lile tundu la chini, ili watu wajue. Hii ilikuwa inatema tangu theluji ilipoyeyuka. Sakafu ikalowa, mtu mmoja akateleza, na wakubwa wakaitafutia sakafu dawa.

Vikoki vinne vya kupimia, vilivyo juu ya vali, vilikuwa vimeunganishwa na utando wa buibui mzito, wenye vumbi la msimu mzima. Fomu iliyofika ofisini wiki iliyopita ilisema vikoki hivyo vilifunguliwa kimoja kimoja, vali ikapimwa, ikafaulu. Aliyeijaza ni Doyle, fundi mwenye leseni, shemeji yake meneja wa ushirika.

"Bibie, umepoteza pete ya ndoa huko chini?"

Huyo ndiye meneja mwenyewe, Lyle Brezina, amesimama mlangoni na buti za shamba ambazo hazijawahi kukanyaga shamba. Alikuwa pia mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu ya mji, na mtu wa kwanza kuinua mkono kwenye jambo lolote litakalopigwa picha.

"Namtafuta aliyeweka gunzi," alisema Twila.

"Ah, hilo! Hindi letu wenyewe hilo, daraja la kwanza." Lyle alicheka. "Dude lenu lilikuwa linamwaga maji. Tumelitengeneza bure, wala hatujawaletea ankara."

"Hamjalitengeneza, Lyle. Mmeliziba mdomo."

"Si Doyle amelipima?"

"Doyle amelipimia mkahawani. Tazama utando wa buibui huo."

"Doyle ana mkono mwepesi, mama. Hata buibui hashtuki."

Watu wawili wa stoo waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Twila alinyanyuka kwa kushika ukuta, akatoa kadi nyekundu mfukoni, akaandika tarehe, akaifunga kwenye vali kwa waya. Siku kumi. Vali mpya ikae pale, la sivyo atafunga maji ya ushirika kule barabarani.

Lyle aliitazama ile kadi kwa huruma, namna watu wanavyomtazama mtoto aliyechora picha mbaya. "Sikukuu ni baada ya siku kumi na moja," alisema. "Haya, tutaona."

Ule mshono wa ubavuni ulikuwa na miaka sita. Figo lililotolewa hapo lilikuwa kwa Verlyn, mumewe, na lilifanya kazi huko vizuri kuliko vile Verlyn mwenyewe alivyowahi kufanya kazi yoyote. Huo ulikuwa utani wao wa nyumbani. Ili mwili wa Verlyn usilikatae, alimeza vidonge asubuhi na jioni, na alitakiwa avimeze mpaka siku ya kufa. Serikali ililipia vidonge miaka mitatu ya mwanzo, kisha ikanawa mikono, kana kwamba figo huwa linahitimu. Tangu hapo vililipiwa na bima ya kazi ya Twila. Mshahara wake wa mwezi mzima usingenunua vidonge vya wiki mbili.

Siku ya tatu aliitwa na meneja wa mji, Kent Rademacher. Alimkuta anakula kolache, yale maandazi yenye shimo la jamu katikati, na jamu ya plamu imemganda kwenye vidole. Mezani palikuwa na vitu viwili. Kimoja ni fomu ya Doyle. Kingine ni kadi nyekundu, na waya wake umekatwa.

"Dada yangu Twila," alisema Kent. "Kaa. Kolache?"

"Nani ameikata hiyo?"

"Tusianze na nani. Verlyn hajambo?"

"Hajambo. Nani ameikata?"

Kent alipumua kwa kuchoka, mzigo wa mji mzima ukiwa begani kwake, na begani hapo hapo chembe za sukari. Alieleza polepole, ili mtu wa mabomba aelewe. Huu ni mwezi wa kupiga dawa. Vali mpya itatoka Omaha, kuifunga ni siku mbili, na siku hizo mbili ushirika hauna maji. Wakulima watakuja pale ofisini na magari yao. Halafu mwaka huu mji unatimiza miaka mia moja na ishirini na mitano, na ushirika ndio ulionunua mipira mipya ya maji ya zimamoto kwa ajili ya mchezo wa pipa wa sikukuu. Mipira sita. Miji mingine yote inatumia miwili.

"Hiyo sita ndiyo inayonitisha," alisema Twila. "Mkifungua mabomba sita kwa pamoja presha itashuka mpaka chini, Kent. Ikishuka, bomba linageuka kuwa mrija. Litanyonya chochote kilicho wazi. Na mpira wa Lyle uko ndani ya tangi la dawa."

"Mwambie autoe."

"Nimemwambia."

"Basi limekwisha hilo." Alimsogezea fomu. Chini ya jina la Doyle palikuwa na mstari mtupu, wa mkaguzi wa mji. "Weka sahihi hapo, ukafunge kadi ya kijani. Baada ya sikukuu tutawaita tuzungumze nao vizuri, kiungwana."

"Siwezi."

"Hapana, sikulazimishi. Nani alazimishe mtu?" Kent alilamba kidole gumba. "Ila kuna jambo nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia mtaani. Baraza linapitia ajira mwezi Julai. Wapo wanaosema kazi yako ni ya nusu siku. Na nusu siku, unajua, haina bima. Mimi ndiye ninayewaambia, jamani, huyu mama ana mgonjwa nyumbani. Mimi peke yangu." Akainama mbele, sauti yake ikawa laini. "Bado ni viwili asubuhi na viwili jioni?"

Twila aliitazama fomu. Alisikia mshono ukimvuta, ingawa alikuwa amekaa. Aliona aibu, na aliona hasira, na vyote viwili havikumsaidia kitu. Akachukua kalamu. Ilikuwa inanata jamu.

Alifunga kadi ya kijani mchana ule ule, mbele ya Lyle, aliyemshukuru kwa ushirikiano. Alijaribu kulivuta gunzi kwa koleo, halikutikisika. Ijumaa, kesho yake ikiwa sikukuu, alirudi kwa kisingizio cha kusoma mita, akautoa mpira kwenye tangi kwa mkono wake mwenyewe, akauning'iniza kwenye msumari ukutani. Akasimama hapo kidogo akiutazama. Aliondoka akijua kwamba utakaa msumarini mpaka mtu wa kwanza atakapotaka kwenda kutazama pipa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alijaza maji madumu manne na kuyapanga kwenye meza ya jikoni.

"Leo usiguse bomba," alimwambia Verlyn. "Kunywa haya, pikia haya, pigia mswaki haya."

"Kuna nini?"

"Wanaosha mabomba."

"Siku ya sikukuu?" Verlyn alitikisa kichwa. "Hao watu wa mji wana akili kweli? Wewe si ndiye mtu wa mji! Akili unayo?"

"Kunywa madumu, Verlyn."

Nje alikutana na jirani yake, Ardith, mjane wa miaka sabini na tisa, anapakia kreti za ndimu kwenye gari. Kila mwaka Ardith ndiye aliyetengeneza maji ya ndimu kwenye hema la kanisa, sukari nyingi, barafu nyingi, maji kutoka bomba la kanisa. Twila alisimama kwenye majani, funguo mkononi. Neno lilimfika mdomoni. Akimwambia Ardith, kufikia saa nne litakuwa kwa mchungaji, saa tano kwa Kent.

"Jua litakuwa kali leo," alisema Twila.

"Ndiyo raha yake," alisema Ardith. "Watakunywa sana."

Mchezo wa pipa ni mchezo wa watu wazima, kwa bahati mbaya. Waya unafungwa juu kukatiza barabara kuu, pipa linaning'inizwa katikati, timu mbili za zimamoto zinasimama huku na huku na mipira yao na kulisukuma kwa maji mpaka lipite mstari wa wenzao. Mshindi anapata kikombe cha bati. Mwaka ule, kwa heshima ya miaka mia moja na ishirini na mitano ya mji kuwapo, zilikuwa timu sita na mapipa matatu, na mkuu wa zimamoto mwenyewe, Lyle Brezina, alishika kipaza sauti.

Twila hakwenda. Alikaa kwenye kibanda cha pampu, mbele ya kipimo cha presha, na mkono ukiwa juu ya simu. Saa sita kamili alisikia king'ora, kisha makofi. Mshale ulikuwa sitini. Ukaja arobaini. Ukasimama kidogo kwenye ishirini kama unaofikiri, halafu ukaanguka kwenye sifuri na kugonga kijiti cha kuuzuia. Alimpigia Kent. Simu iliita mpaka ikachoka. Alimpigia tena. Kwa mbali, Lyle alikuwa anawaambia watu wapige kelele zaidi.

Aliendesha gari mpaka lilipokwama kwenye viti vya watazamaji, akashuka, akakimbia akiushika ubavu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa umekwisha, vali za zimamoto zimefungwa, watu wanapumzika, presha inapanda tena na kusukuma mbele kila kilichonyonywa. Kulikuwa na harufu. Ilikuwa nyepesi, harufu ya stoo, na watu wa Dubrava wameishi na harufu hiyo tangu kuzaliwa kiasi cha kutoisikia.

"Msifungue tena!" alipiga kelele. "Lyle! Msifungue! Maji yameingia dawa!"

Lyle alimwona. Hakusikia, au alisikia. "Mabibi na mabwana," alisema kwenye kipaza sauti, "mji wenyewe umekuja kucheza!"

Mmoja wa vijana wa timu ya mashariki akageuza mpira, akaachia. Maji yalimpiga Twila kifuani, yakamtupa chini kwenye lami, miwani ikaruka. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Kent Rademacher, kwenye jukwaa, alipiga makofi kwa heshima, kama mtu aliyelipanga mwenyewe.

Alipoipata miwani yake, kioo kimoja kimepasuka, alitazama upande wa hema la kanisa. Ardith alikuwa amejaza upya chombo chake kikubwa kutoka bombani, anamimina. Foleni ilikuwa ndefu. Dawa ile ilikuwa ya manjano, na maji ya ndimu ni ya manjano. Kwenye kiti cha kukunja, kivulini, amevaa kofia yake nzuri, amekaa Verlyn.

"Mama weee, umelowa!" alisema akicheka. "Nilijua ungekasirika, lakini siku ya sikukuu nikae nyumbani na madumu?" Akainua kikombe. "Cha Ardith. Hiki cha tatu. Mwaka huu ametia ndimu kali."

Waliougua walikuwa sitini na wanane. Wengi walitapika siku mbili tatu, wakapona, wakaanza kusimulia. Wazee wawili wa nyumba ya wazee hawakupona. Verlyn alilazwa hospitali ya jiji, mwendo wa saa moja na nusu, na madaktari walisema figo linajitahidi. Walilisema neno hilo kila siku, linajitahidi, mpaka Twila akaanza kulichukia.

Siku ya tano Verlyn alifumbua macho, akamgeukia Twila.

"Madumu manne," alisema. "Hamkuwa mnaosha bomba lolote. Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanijazia mimi."

"Ndiyo."

"Na Ardith?"

Twila alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka.

Baraza lilikaa Alhamisi, ukumbi ukajaa mpaka ngazini. Kwanza Lyle alisimama na kutangaza kwamba ushirika umeleta malori mawili ya maji ya chupa, kila nyumba katoni nne, bila malipo. Chupa zilikuwa na nembo ya ushirika, hindi la kijani lililokomaa. Watu walisimama wakampigia makofi. Mwanamke mmoja alilia. Waliofiwa nao walipiga, maana ni watu wenye adabu.

Kisha Kent akainua fomu.

"Sitaki kumhukumu mtu," alisema. "Nataka ukweli tu. Twila, sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Kadi ya kijani ilifungwa na nani?"

"Na mimi. Lakini kwanza nilifunga nyekundu. Nyekundu ilikuwa mezani kwako, waya umekatwa."

Kent aliwatazama wajumbe wa baraza, mmoja baada ya mwingine, kwa masikitiko. "Kuna mwenye kumbukumbu ya kadi nyekundu?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Fomu ilipitishwa mkono kwa mkono ili kila mjumbe aone sahihi, na kila mjumbe aliona pia alama ya kidole kwenye pembe, ya rangi ya plamu, na hakuna aliyeuliza. Doyle alikaa safu ya pili akitafuna ubani.

Ndipo Ardith aliposimama. Alikuwa ameshikwa mkono na mchungaji, na uso wake tangu sikukuu ulikuwa umekonda. Kila kikombe kilichonywewa kilitoka mkononi mwake.

"Twila," alisema. "Asubuhi ile nilikuwa na ndimu. Ulinisalimia. Kwa nini ulizungumzia jua?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Twila angeweza kutaja bima, vidonge, jamu, kalamu inayonata. Yote ni kweli, na yote, mbele ya kikongwe yule, yalikuwa takataka. Alikaa chini bila kujibu, na kukaa huko kukaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kuwa ni kukiri. Wakamfukuza kazi kwa uzembe kwa kura sita kwa sifuri. Bima ingekoma mwisho wa mwezi. Kent alimwambia hilo mlangoni, kwa upole, mkono begani, na kumwomba amsalimie sana Verlyn.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo Twila alikuwa njiani kwenda hospitali alipopita ushirika na kuona mlango wa stoo wazi. Hakuwa na fomu, hakuwa na kitambulisho. Alisimamisha gari, akaingia. Watu walikuwa wamekwenda kunywa kahawa, na kwenye tangi mpira ulikuwa umezama, unajaza taratibu, bila povu.

Vali ilikuwa ile ile. Juu yake ilining'inia kadi mpya ya kijani, karatasi ngumu, mwandiko safi. Fundi aliyepima: Doyle. Mkaguzi wa mji: Doyle. Utando wa buibui juu ya vikoki ulikuwa umeongezeka ukubwa.

Akapiga magoti, ubavu ukamvuta, akamulika kwa tochi ya simu. Gunzi lilikuwa palepale. Safari hii walikuwa wamelipaka rangi, kijani cha ushirika, ili lisionekane vibaya wageni wakija. Aliligusa. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Alifuta kidole kwenye suruali, akarudi kwenye gari. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na katoni ya maji ya ushirika, ya mwisho kati ya zile nne. Aliifunga mkanda isidondoke, akaenda kumnywesha mumewe.